Skrini Nyeusi Siku ya Sabato

Jumapili asubuhi. Mvua ilianza kabla hatujaamka na bado inanyesha, ile mvua nyembamba ya huku Sironga isiyokuwa na haraka. Naandika kwa simu, nimekaa jikoni karibu na moto, na vidole bado ni baridi.

Kwa kawaida kwenye blogu hii huwa naandika kuhusu laptopu kuukuu na mifumo endeshi ya bure. Leo pia nitaandika kuhusu hayo, ila nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya.

Tata ni baba yangu. Ndivyo tunavyomwita baba sisi Wagusii. Alifundisha Kiswahili shule ya msingi hadi akastaafu. Sasa ana ugonjwa wa neva unaomaliza misuli kidogo kidogo. Ulianzia mguuni, ukapanda mikononi, na mwaka jana ukachukua ulimi. Akili haujaigusa. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, na hawezi kutamka hata jina langu.

Niliporudi nyumbani kumtunza, nilimtengenezea sauti. Nilichukua laptopu yangu ya zamani nikaiwekea programu inayosoma maandishi kwa sauti, nikaiunganisha na kibodi kubwa iliyofunikwa plastiki yenye matundu, ili kile kidole chake kimoja kinachosogea kisiteleze. Anagonga herufi, anapumzika, anagonga nyingine. Halafu mashine inasema. Inasikika kama mtu anayesomea ndani ya debe, lakini sote tumezoea kuiita sauti ya Tata. Kwa sauti hiyo amegombana na redio wakati wa habari. Ameombea chakula nayo. Amemtania Mama nayo mpaka Mama akamwagikiwa na chai.

Ijumaa jioni mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Mfumo ulikuwa umenikumbusha wiki nzima kwamba kuna sasisho la kerneli. Kwa wasiojua, kerneli ni kile kiini cha mfumo kinachoziwezesha programu kutumia skrini, kibodi na vifaa vingine. Mama alikuwa anamwosha Tata. Nikaona nina nafasi, nikakubali sasisho, nikawasha mashine upya. Nembo ikatokea, ikapotea, na skrini ikawa nyeusi.

Nikangoja. Nikaizima kwa kubana kitufe, nikaiwasha tena. Nyeusi. Feni ilikuwa inazunguka na taa ya diski inapepesa, kwa hiyo mashine ilikuwa hai. Ilikuwa imepoteza macho tu.

Mama alimrudisha Tata kwenye kiti chake na kumvutia meza. Tata akaitazama skrini, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia, "Dakika chache tu, Tata."

Hazikuwa dakika chache. Jua likazama, Sabato ikaingia. Fundi ninayemtegemea pale Kisii mjini ni Msabato kama sisi, na simu yake huzimwa Ijumaa jioni mpaka Jumamosi usiku. Nikajua niko peke yangu.

Na Sabato hii haikuwa ya kawaida. Daktari alikuwa ametuambia kwamba Tata anapaliwa mno, chakula kinaingia kwenye mapafu, na inafaa awekewe mpira wa kumlishia moja kwa moja tumboni. Tulikuwa tumekubaliana kwamba baba mdogo, Onsongo, aje baada ya kanisa tuamue pamoja. Na Tata mwenyewe aseme anachotaka.

Jana asubuhi sikwenda kanisani. Mama alinikuta nimeiinamia laptopu, akasimama mlangoni na Biblia yake kwapani. "Kemunto, leo ni Sabato," alisema. Nikabonyeza kitufe tena. Akamtazama Tata kwa muda. Kisha akaja, akaokota waya wa chaja uliokuwa umechomoka ukutani, akauchomeka, akaenda zake kanisani.

Nilijaribu kila nililojua. Nilijaribu kuingia kwenye ukurasa wa amri bila picha, sikuona kitu. Niliunganisha televisheni ya sebuleni, nayo ikasema hakuna mawimbi. Nilibana Shift wakati wa kuwasha ili menyu ya kuchagua kerneli itokee, haikutokea. Nilisoma majukwaa ya mtandaoni kwa simu mpaka bando likaisha, nikanunua jingine. Watu wa kila pembe ya dunia walikuwa na skrini nyeusi kama yangu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtu kitini anayemngoja.

Nilimpa Tata simu yangu aandikie. Kidole kikateleza kwenye kioo, zikatoka herufi zisizo na maana, akaisukuma ikaanguka sakafuni.

Baba mdogo alifika mchana pamoja na Mama, bado amevaa suti ya kanisani. Alimshika Tata mkono, wakatazamana. Kisha akaniuliza mashine iko wapi. Nikamweleza.

"Basi tutaongea naye hivyo hivyo," akasema. "Tutamtajia herufi."

Mama akaanza kutaja alfabeti pole pole, na Tata akawa anainua nyusi kwenye herufi anayoitaka. S. Tena tangu mwanzo. I. Tena. T. Jasho lilikuwa linamtoka. A. Baba mdogo akadakia, "Sita? Watu sita?" Mama akasema, "Sitaki. Anasema hataki uji." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata nafuu, na akauondoa uji uliokuwa mezani. Tata alifumba macho. Walipoanza kutaja herufi tena hakuyafumbua.

Kwa hiyo wakaamua wao. Mimi nilikuwa katika chumba hicho hicho, nimewapa mgongo, nimebana kitufe na kuhesabu moyoni. Nilisikia baba mdogo akisema atakuja na gari Jumatatu alfajiri, apelekwe hospitali awekewe mpira. Nilisikia Mama akisema sawa. Nilisikia Tata akigonga meza kwa kile kidole, taratibu, na baba mdogo akisema, "Usijali, ndugu yangu, tumeshapanga kila kitu." Ningeweza kugeuka. Ningeweza kusema ngojeni, huyu mtu hajazungumza. Lakini niliamini kwamba nikiitengeneza mashine mambo yote yatajitengeneza, kwa hiyo nikaendelea.

Baba mdogo aliondoka. Mama akaenda kulaza mwili kidogo.

Kilichosaidia, kwa wale watakaofika hapa wakitafuta dawa ya skrini nyeusi, ni kitufe cha Esc. Mashine yangu haitaki Shift. Nilikigonga mara tu nembo ilipotokea na menyu ikaja. Nilichagua kerneli ya zamani, bado nyeusi, maana sasisho lilikuwa limegusa pia programu inayoendesha skrini. Nikarudi kwenye menyu, nikabonyeza herufi e, nikaongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, nikabonyeza F10. Neno hilo huiambia kerneli iachane na ufundi wote wa picha na itumie njia ya kawaida kabisa.

Skrini ikawaka. Maandishi yalikuwa makubwa na mabaya. Nilitaka kupiga kelele.

"Tata, imekubali!"

Nikamsogezea kibodi, nikakiweka kidole chake kwenye plastiki. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta kitufe cha kuzima sauti, akakibonyeza. Nikadhani amekosea, nikairudisha. Akaizima tena na kunikazia macho mpaka nikaelewa kwamba nisome tu.

Aliandika kwa muda mrefu. Hata katika hali ile aliweka herufi kubwa mahali pake na nukta mahali pake.

Sitaki mpira. Sitaki hospitali tena. Najua maana yake. Nataka kubaki hapa.

Nilisoma nikasimama. Sikujua pa kwenda, nikaketi tena. Nilifikiri jambo ambalo sijamwambia mtu, na naliandika hapa kwa sababu sijui pengine pa kuliweka. Nilifikiri, hakuna aliyeona ila mimi. Skrini imeshindwa mara nyingi tangu Ijumaa, inaweza kushindwa tena. Jumatatu gari litakuja, mpira utawekwa, na tutakuwa naye miezi mingi zaidi. Mkono wangu ulifika karibu na kitufe cha kuzima mashine. Sitasema ulifika pale kwa bahati mbaya.

Tata alikuwa ananitazama. Nadhani alijua. Akaanza kuandika tena.

Mwambie mama yako wewe. Kwa lugha yetu. Mashine haiijui.

Ni kweli. Mashine husoma Kiswahili na Kiingereza. Ekegusii, lugha yetu, inaiponda mpaka huwezi kutambua neno. Tangu Tata apoteze sauti, nyumba yetu imekuwa ikizungumza Kiswahili kama ofisi, na jambo hili hakutaka mkewe alisikie kwa Kiswahili, wala kutoka kwenye debe.

Nilimkuta Mama ameketi kitandani, hakuwa amelala. Nilimwambia kwa Ekegusii. Sikupamba, kwa sababu yeye hakupamba. Nilipofika kwenye kubaki hapa, nilirudia mara mbili.

Mama hakulia. Alikwenda sebuleni na soksi tu, akapiga magoti mbele ya kiti ili macho yao yalingane, akamuuliza kama ni kweli.

Tata akainua nyusi.

Akamuuliza tena, kama ni kwa sababu ya uchovu wa kumhudumia, maana yeye hajachoka. Nyusi hazikusogea. Akamuuliza kama anaogopa. Akainua nyusi. Kama anataka hivyo hata kama anaogopa. Akainua tena. Mama akaegemeza paji la uso wake kwenye magoti ya Tata, na wakakaa hivyo mpaka giza likaingia. Mimi nilitoka nje.

Asubuhi hii nilimpigia baba mdogo. Nikamsomea aliyoyaandika Tata.

"Hiyo ni mashine yako imeandika," akasema. "Si umesema yenyewe imeharibika? Ndugu yangu hawezi kusema maneno kama hayo."

"Baba mdogo, njoo umuulize mwenyewe."

"Nitakuja. Na Kemunto, kama ni wewe umechoka, sema ni wewe."

Akakata.

Nimelia hapa jikoni, na nimemaliza. Lolote litakalotoka mdomoni mwangu hataliamini. Najua tu nitakachofanya. Sitamtetea Tata, sitamfasiria, sitamalizia neno lake hata likichukua nusu saa. Nitaiwasha laptopu kwa ile njia ndefu, nitaiweka mbele yake, na nitawaomba wote wanyamaze mpaka atakapofika kwenye nukta.

Na kama moyoni bado natamani abadili nia, je, hilo nalo ni kumsaliti?

Kuna gari linapanda kilima, linateleza kwenye matope. Naenda kufungua geti.