Ukoo Uishie kwa Bazompora

Kibimba, Ngara
12 Novemba 1997

Mpendwa Shangazi Francisca,

Shikamoo. Naiandika salamu hii nikiwa nimesimama, maana kukaa kumenishinda tangu juzi. Goti lako linaendeleaje? Mvua za huko Bisibo zimefika, na mihogo imepona ule ugonjwa? Sisi hapa ni wazima, isipokuwa Diana, mke wangu, bado anakohoa. Maharage yamechanua vizuri. Kama wa kuyavuna tutakuwepo wote, hilo ndilo lililonikalisha na kuninyanyua.

Shangazi, wanataka kumchukua Nduwayo.

Umesikia kwamba wanajeshi wanapita vijijini wakiwakusanya Warundi wote wanaoishi nje ya kambi. Mdogo wangu huyu, unakumbuka, alivuka ujanani kwenda Burundi kufanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa, akaoa hukohuko. Vita vilipozuka mwaka 1993 akarudi na mkewe Nyirabahizi na watoto katikati ya msafara wa wakimbizi. Watoto walikuwa na njaa. Pale mpakani waliandikishwa, naye akapokea kadi ya mgao kama wenzake. Leo kadi ile ndiyo shahidi wa kwanza dhidi yake. Ameambiwa athibitishe mbele ya kamati kwamba baba yake, babu yake na baba wa babu yake walikuwa watu wa hapa. Akishindwa, yeye na familia yake wanapandishwa lori kwenda kambini, na wanaotoka kambini tumeona mwaka jana wanakoelekezwa: wanavushwa mpaka kwa nguvu.

Nilikwenda mpaka Bukoba kutafuta sensa. Mwaka 1967 Nduwayo alihesabiwa nyumbani kwa baba, nami nilikuwepo. Karani alikunywa togwa yetu. Ofisa wa takwimu akanieleza kwa upole kwamba majina hayatolewi. Nikamwuliza, basi mnajuaje vichwa hivyo ni vya nani? Akanijibu, "Mzee, sisi tulitaka idadi tu." Sensa mbili zilizofuata zilimkuta ng'ambo. Kwa hiyo hesabu pekee inayomtambua ndugu yangu kwa jina ni ile ya wakimbizi. Nchi yake ilimhesabu bila kumjua. Wageni walimjua siku moja, wakamwita Mrundi.

Ukabaki ukoo wa mdomoni. Nikamwendea Baba mdogo Bonaventura, nikamsihi: wakikuuliza, taja Pius, taja Rusengo, taja Bazompora, kisha kaa chini. Akasema amenisikia.

Unamjua mdogo wako. Akisimama mbele ya watu haoni kamati, anaona wakwe wamekuja na posa. Juzi mbele ya kamati alianza vizuri. Alipofika kwa Bazompora hakukaa. Akapanda kwa Nzoya, aliyevuka mto Ruvubu na ng'ombe wake akimfuata mwami, mfalme wa enzi hizo, akaendelea kupanda mpaka kwa wale wa ng'ambo, saba pamoja na Nzoya, kila mmoja akimsifia mkuki wake na fahali wake. Watu wakaanza kuitikia kama harusini.

Methusela, mwenyekiti wa kamati, akaweka kalamu mezani. "Ahsante, mzee wangu. Umetumalizia kazi."

Nikasimama. Niliwaambia Nzoya hakuvuka mpaka wowote, maana Wazungu walikuwa hawajauchora. Alihama kama mtu anavyohama kitongoji. Kisha nikamwuliza Methusela ukoo wake unaanzia wapi, kwa sababu alipomwoza binti yake Esperansia, msemaji wake aliupandisha mpaka ng'ambo ileile, na sisi tulipiga vigelegele. Watu wakaangua kicheko. Kazimili, jirani yetu Msukuma, akadakia: "Mwenyekiti, babu yangu alitoka Shinyanga na ng'ombe. Nirudishwe mimi, au ng'ombe peke yao?"

Methusela hakucheka. Aliahirisha kikao hadi Jumamosi tarehe 22. Watu walipokuwa wakitoka, karani akaniuliza majina yangu yote matatu, akayaandika.

Nilishinda mabishano, Shangazi, lakini nimemfungia Nduwayo mlango. Sasa Methusela akimwachia, watasema amejiachia mwenyewe.

Jana Methusela alinifuata shambani. "Philbert, mdomo wako utatuponza wote," alisema. "Nduwayo nimechunga naye mbuzi, sina hamu ya kumpandisha lori. Mlete mzee aseme yale yalikuwa maneno ya kunogesha harusi. Ukoo uishie kwa Bazompora, mzaliwa wa hapa. Nitaandika hivyo, na hakuna atakayeuliza zaidi."

Baba mdogo amekataa. Anasema anayeukata ukoo wake hadharani amejitangaza kuwa mtumwa wa kuokotwa njiani. "Nduwayo ni mmoja," aliniambia. "Hawa ni saba, na hawana mwingine wa kuwasemea." Nikapandisha sauti, nikamjibu kwamba wafu hawapandishwi lori. Alinifukuza kwake.

Nyirabahizi ameshafunga masufuria kwenye kanga. Nilimkemea. "Shemeji," akasema, "mimi si mara ya kwanza. Najua kinachobebeka."

Miaka yote nimeandika magazetini kwamba ukweli usikatwe ili kumridhisha mwenye cheo. Bado naamini hivyo. Lakini anayeuliza swali la kipumbavu, akiwa na lori nje, hastahili jibu zima. Wameuliza vizazi vitatu, wapewe vitatu. Wale saba nitawajibu mwenyewe nikifika kwao.

Wewe ndiwe kifungua mimba wa Rusengo. Bonaventura ulimbeba mgongoni, na hakuna mwingine aliye hai anayeweza kumwambia kaa chini, akakaa. Najua uzito wa ninachokuomba. Njia ya msituni ina majambazi, magari hayapiti bila polisi, nami nakutaka upite humo na goti lako ili uje umwamuru mdogo wako awanyamazie wazee wenu. Barua hii unaletewa na Katekista Bernardo kwa gari la parokia. Anarudi na msafara Alhamisi, na kiti cha mbele ni chako. Ukiona huwezi kulifanya jambo hili, mwambie yeye, sitakuuliza sababu.

Nisalimie Mzee Nshoma, na Kezia na wanawe. Diana anakuamkia. Nduwayo pia anakuamkia, ingawa hajui nimekuandikia, angenizuia.

Mungu akuvushe msitu ule salama. Na kama kuukata ukoo kuna laana yake, iniangukie mimi niliyeomba, isikuguse wewe utakayetamka.

Mwanao akupendaye,
Philbert