Kamba Haikukatika

Shemeji,

Hapa sote wazima, ila hiki kizunguzungu changu. Daktari anasema ni presha, nisipande tena miti. Simwamini. Mtu anayeshinda kwenye kiti atajuaje mambo ya juu? Na kazi yangu yenyewe imepungua, siku hizi kila mteja anataka mti uangushwe. Hakuna mwenye subira ya kupunguziwa matawi.

Sasa sikia. Juzi asubuhi nilikuta kamba yangu ya kupandia ina jeraha. Haikukatika, shemeji. Ilikatwa, tena kwa kisu. Nikamshuku mwenzangu anayenishikia kamba chini, nikamnunia siku nzima. Lakini adui angekata katikati, nisione. Huyu alikata palepale ninapoanzia kuikagua kila asubuhi, na nyuzi zilikuwa zinanuka kitunguu.

Nikamwambia dada yako, "Panya wametafuna kamba."

Hakuniangalia. Akasema, "Basi pumzika mpaka tupate paka."

Jirani ana paka wanne wa kugawa. Sijamwambia dada yako, na wewe nyamaza.

Ni mimi shemeji yako, niliye chini kwa sasa.