Mwana wa Mfalme Bila Wazee

Sophie, uko? Wacha hiyo kazi kwanza.

Gathogo ameaibika leo kwenye holi ya kanisa hapa Gakindu! Ati anatuchezea hadithi ya msichana na kiatu, yeye peke yake nyuma ya pazia, vikaragosi mkononi, sauti zote ni zake.

Mwana wa mfalme akamvisha msichana kiatu. "Twende kwangu."

Mamake Wangechi akasimama. AKASIMAMA, Sophie! "Unachukua msichana wa watu bila wazee?"

Na Gathogo anaishi na Wangechi mwaka wa tatu sasa, kwao hajawahi kupeleka mzee hata mmoja wa posa!

Kikaragosi kikainama. "Mama, watakuja."

"Hata mwaka jana uliniambia hivyo."

Mwana wa mfalme akashuka polepole nyuma ya pazia.

Na unajua nani alianza kumpigia mama makofi? Wangechi.