Sitiari Iliyofika Polisi

Nabuyonga, Alhamisi

Hasira bado haijanishuka. Zaina, mwanafunzi wangu wa Kiswahili, aliandika kwenye insha: "Mama yangu ni moto, anatuchoma tukichelewa kuamka." Nilifurahi mno. Wiki nzima nafundisha sitiari, hatimaye mmoja kaelewa!

Naibu mkuu wa shule akaiona insha mezani kwangu, akapigia polisi simu. Hakuniuliza. Mama Zaina akatolewa sokoni mbele ya wateja wake, akakalishwa kituoni hadi alasiri, akirudia tu, "Afande, mimi sijachoma mtoto."

Nilipofika na Zaina, askari alimkagua mikono, akacheka. Akacheka! Naibu, aliyekuwapo pale kituoni, naye ati, "Mwalimu, fundisha Kiswahili cha kawaida." Nikamwambia mbele ya wote kwamba hajui kusoma. Huenda kesho sina kazi, na kodi ya nyumba...

Walipomwachia, njiani mama Zaina akaniuliza kosa lilikuwa wapi. Nikamweleza kwamba Zaina angeandika "ni kama moto", ingekuwa tashbihi, na hata naibu angeelewa. Aliiondoa "kama", ikawa sitiari.

Akamgeukia binti yake.

"Basi irudishe hiyo kama," akasema. "Kesho nataka kuuza nyanya zangu."