Mbegu za hevea zilizooshwa

Kisangani, Jumanne usiku

Sabuni tena, leo kule chuo. Nilitaka mazutu, dizeli ya mbegu, ya kuwashia groupe ya umeme, nikapata uji mweupe wa povu. Mafuta ya mbegu za hevea, mti wa mpira, yakiwa na maji hugeuka hivyo ukiyatia soda kali, lakini mimi nilizianika vizuri.

Nilirudi nyumbani na hasira. Mama mkwe alikuwa jikoni, akakunja vidole vyake vinavyouma na kutabasamu.

"Mwana yangu, ile mbegu yako ya hevea ilikuwa na udongo mingi. Njo maana nikaiosha yote, mbele ya wewe kuipeleka kule chuo."

Kwake, kitu kinachoingia kwenye sufuria lazima kioshwe. Bon. Nilisema aksanti, mama.

Naogopa. Profesa amenibakishia jaribio moja tu, na mbegu zinakaribia kwisha chini ya miti. Kesho nitapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi shamba la zamani la mpira nikaokote nyingine.

Kazi ya kuzikausha nitampa mama mkwe, juu ya moto wake. Pale maji hayatafika, na ile mikono itapata joto.