Jagi la Maji Mezani kwa Sajini Olanya

KITUO KIDOGO CHA POLISI, KAMPALA
Jumatatu, tarehe 14 Machi 1977, saa nne asubuhi
Shahidi: Kakule Ambroise, mwanamume, miaka 34, mzaliwa wa Butembo, Zaire
Kazi: msaidizi wa maabara ya utafiti wa maji
Makazi: Kisenyi
Maelezo yametolewa kwa Kiswahili mbele ya Sajini Tarcisio Olanya.

Kabla ya kusema lolote nimemwomba afande ateke maji ya kisima kilicho nyuma ya kituo. Ameyateka mwenyewe, mekundu kama chai ya maziwa. Nimetia unga wa mbegu za mlonge niliokuja nao kwenye leso, nikakoroga haraka, kisha polepole. Jagi liko hapa mezani. Tafadhali meza isitikiswe. Yataanza kutulia tukiwa tunaongea.

Mkubwa wangu kazini ni Bwana Ogwal, mtu wa Lango, kabila la rais aliyepinduliwa, na mkuu wa utafiti. Tangu mwaka jana shabu haifiki kutoka nje, na bila shabu uchafu haukusanyiki, maji ya ziwa yanabaki na tope. Bwana Ogwal aliwahi kuwaona wanawake wa Sudani wakisafisha maji ya mto kwa mbegu hizi. Akasema, basi tupime. Tumepima miezi tisa. Tunapanga glasi sita, kila moja na kiasi chake cha unga, na ile inayotulia vizuri anainywa yeye kwanza. Hiyo ndiyo sheria ya maabara yetu. Mimi nilikuwa nanywa wa pili, tena kwa kununa, kwa sababu ladha yake ni kama majani mabichi.

Nimeambiwa nikae. Nimekaa.

Mnamo tarehe 7 Machi tulipeleka pipa moja la maji hayo Namuwongo, kwenye nyumba za familia za askari karibu na reli, ambako mifereji ya bomba ilikuwa mikavu wiki nzima. Pipa tulimkabidhi mama mmoja anaitwa Joska, mke wa koplo. Bwana Ogwal aliwaambia wote, mimi nikisikia: "Tumieni leo. Kesho yatakayobaki mwageni kwenye bustani ya sukuma wiki." Mbegu inaacha utomvu wake ndani ya maji, na utomvu ukilala unaoza. Tulikuwa bado tunatafuta njia ya kuuondoa. Hatukuficha.

Kesho yake tulitakiwa turudi na pipa jingine. Lori halikuwa na petroli. Jamani, nani atamwaga maji Namuwongo na mfereji umekauka? Joska aliyaweka. Alhamisi akaja luteni mgeni, akapewa maji ya kunawa, yakanuka. Hakuuliza chochote. Alisema, "Watu wa Lango wanataka kutumaliza," akaondoka. Joska mwenyewe ameniambia jana: "Wanangu walikunywa Jumatatu na Jumanne, hata tumbo halikuwauma." Yuko tayari kuja hapa kusema, mumewe akimruhusu.

Afande ameegemea meza. Nimemwomba asiegemee.

Ijumaa tarehe 11, saa tatu asubuhi, wakaja maabara watu watatu wasiovaa sare. Bwana Ogwal alikuwa na glasi mkononi. Walimwambia, "Wewe ndiye unayetia sumu." Akasema, "Ngojeni ninywe, mtazame." Akainua. Mmoja akaipiga ile glasi ikaanguka. Nasema hili nikiwa na akili timamu: hawakutaka kujua. Mtu anayetafuta sumu angemwacha anywe!

Walipomtoa alinigeukia akasema, "Ambroise, koroga polepole." Basi. Hakuniaga kwa neno jingine.

Mkewe, Mama Akullo, amekuja kwangu kila siku. Ananiuliza kama alivaa viatu. Alikuwa na kandambili za maabara. Nimemwambia alivaa viatu, Mungu anisamehe.

Nimeulizwa kwa nini nimekuja mwenyewe, mimi mkimbizi. Afande, naogopa, usiandike kwamba siogopi. Usiku silali, gari likipita nasimama. Lakini kosa analoshtakiwa Bwana Ogwal ni sumu, na mtu pekee aliyebaki anayeweza kuonyesha kwamba si sumu ni mimi. Polisi wakiandika hivyo leo, huenda bado kuna wa kumsaidia. Kesho sijui.

Sasa tazama. Tope limelala chini. Naona vidole vyako upande wa pili wa jagi. Klorini sina, na nyumbani ungeyachemsha, lakini mimi nakunywa hivihivi. Nimekunywa glasi moja. Nimemkaribisha afande naye. Amenijibu kwamba kazi yake ni kuandika, si kunywa.

Niliyoyaona ni hayo, na sina la kuongeza ila maji yaliyobaki mezani.

(Sahihi) Kakule Ambroise

MAELEZO YA AFISA
Nimemsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Aliondoka saa tano na nusu.

Nilikuwa nimeagizwa na wakubwa kupeleka kielelezo cha sumu kabla ya jioni. Kielelezo hakipo. Baada ya shahidi kuondoka nilifunga mlango nikakaa na jagi muda mrefu. Mke wangu anatoka Lira, kwa watu wa Lango, na anajuana na Mama Akullo. Kisha nimeyanywa maji yote yaliyokuwa juu ya tope, kwa hiari yangu. Yana ladha ya majani mabichi. Sasa ni saa kumi, na sijapata madhara yoyote.

Kwa hiyo jina langu liandikwe pamoja na la Kakule, si kama mwandishi. Kama shahidi wa pili.

(Sahihi) T. Olanya, Sajini