Sauti Kwenye Matete ya Alby

Dada Neema mpenzi,

Habari za Kigoma? Mimi na kaka Elia hapa Stockholm tu wazima. Jana asubuhi alinipeleka kuvua kwenye ziwa la Alby, karibu na kwake. Maji yalikuwa meusi, ukungu umetanda juu ya matete. Chambo chetu kilikuwa punje za mahindi. Elia alivua samaki mmoja mpana, akamchomoa ndoana taratibu, akamrudisha majini. Ndivyo wanavyovua huku. Mara sauti ya marehemu mama ikaita kutoka kwenye matete: “Elia, njoo ule!”

Niligeuka kumtazama Elia.

“Umesikia na wewe?” akaniuliza.

“Nimesikia. Nyamaza, usiitike!”

Akakaa kwenye nyasi, akalia. “Miaka yote hii nilidhani nimerukwa na akili. Ndiyo maana nikakuleta hapa, usikie na wewe.”

Tulitafuta kote, hapakuwa na mtu wala mtumbwi. Unajua Elia hakuja kumzika mama. Basi leo amekata tiketi, tunarudi pamoja, aende kaburini.

Mtandikie kitanda, dada, lakini si chumbani kwa mama. Nawakumbatia wewe na watoto.

Mdogo wako,
Rehema